Mdaka mipira aliyezeekea benchi, kisha akapewa bastola

Wapenzi wa soka wanamfahamu golikipa namba mbili. Analipwa, anasafiri na timu, anapasha misuli moto kila mechi, halafu anakaa benchi dakika 90 akitafuna bigijii. Kwenye besiboli ya Wamarekani mtu wa aina hiyo ni mdaka mipira wa akiba. Ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa kinyago cha chuma usoni, kinga kifuani na kinga miguuni, akipokea mipira inayorushwa kwa kasi ya gari la barabara kuu. Magoti yanaisha, vidole vinapinda. Na pamoja na mateso yote hayo, jina linalokwenda gazetini ni la mrushaji au la mpigaji.

Huyu wa leo alikuwa mmoja wao. Misimu 15 kwenye ligi kuu, timu tano: Brooklyn, Chicago, Cleveland, Washington na Boston. Kwa muda wote huo alicheza mechi 663 tu, wakati timu moja ilikuwa ikicheza zaidi ya 150 kwa msimu mmoja. Mipira aliyoipiga moja kwa moja hadi nje ya uwanja ilikuwa sita. Sita, kwa miaka 15! Wapo wapigaji wanaofikisha idadi hiyo ndani ya wiki mbili.

Lakini subiri kidogo kabla hujamcheka.

Alizaliwa New York mwaka 1902, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ukraine. Baba yake alikuwa na duka la dawa kule Newark, na alikuwa mtu wa vitabu kwelikweli. Kijana akaingia Princeton, chuo ambacho siku zile mtoto wa mhamiaji Myahudi hakujisikia yuko nyumbani. Akasoma Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kijerumani, mpaka Kisanskriti. Kwenye timu ya chuo, yeye na mwenzake walikuwa wanapeana ishara kwa Kilatini ili wapinzani wasielewe. Mwaka 1923 akamaliza kwa heshima, na siku chache baadaye akasaini Brooklyn.

Baba hakulisamehe hilo. Kwake yeye besiboli ilikuwa mchezo wa watoto, na mtoto aliyesomeshwa Princeton alipaswa kuwa wakili. Mzee yule hakwenda uwanjani hata siku moja kumwona mwanawe akicheza. Duka na uwanja havikuwa mbali, ni kwamba hakutaka. Alifariki Januari 1942 bila kubadili msimamo.

Kijana akajaribu kushika huku na huku. Baada ya msimu wa kwanza, ambao kwenye kupiga ulikuwa aibu tupu, akapanda meli kwenda Paris kusoma Sorbonne. Baadaye akajiandikisha sheria Columbia, akawa anasoma kipindi ligi imelala na kucheza ikifunguliwa, wakati mwingine akichelewa kufika kwa sababu ya masomo. Shahada akaipata mwaka 1930, akafanya kazi ofisi ya mawakili Wall Street wakati wa baridi. Baba hakuhesabu. Bado ilikuwa uwakili wa msimu.

Udakaji wenyewe aliupata kwa bahati. Agosti 1927 Chicago ilipoteza wadaka wake mmoja baada ya mwingine kwa majeraha. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba alimwambia kocha mdaka wa kiwango cha ligi kuu yupo palepale benchi, akimaanisha mwenzake, kocha akadhani anajisemea mwenyewe. Akavalishwa kinyago. Kumbe mikono anayo! Alikuwa na akili ya kusoma wapigaji, anakumbuka nani anapenda mpira wa juu na nani wa chini, na warushaji wakaanza kumwamini. Mwaka 1929 akacheza mechi zaidi ya 100, mwaka wake bora kuliko yote.

Aprili 1930, kwenye mechi ya maandalizi, njumu zake zikakwama ardhini akigeuka. Goti likachanika. Mwaka wa neema ukawa mmoja tu.

Kuanzia hapo ni maisha ya begi. Cleveland mwaka 1931 alicheza mechi 10. Washington ikamchukua, na mwaka 1933 ikafika fainali kubwa ya ligi. Yeye aliitazama yote kutoka benchi, hakuingizwa hata mara moja. Washington ikamwacha, Cleveland ikamwokota tena, kisha Boston kuanzia 1935, ambako kwa miaka mitano hakufikisha wastani wa mechi 30 kwa msimu. Wenzake walikuwa na utani wao: jamaa anajua lugha saba na hawezi kupiga mpira kwa lugha hata moja.

Sasa swali, kwa nini timu ziliendelea kumlipa? Jibu liko kwenye kazi yenyewe. Mdaka wa akiba halipwi kwa kupiga. Analipwa kwa kumtuliza mrushaji kijana anayetetemeka, kumsaidia mzee asijiumize, na kukaa tayari wiki tatu bila kuguswa halafu aitwe ghafla na asiharibu. Kati ya 1932 na 1934 huyu alipitisha mechi 117 mfululizo nyuma ya mpigaji bila kosa hata moja. Rekodi ya namna hiyo haijazi uwanja, ila makocha wanaiona.

Mwaka 1934 timu ya nyota wa Marekani ilikwenda Japani, Babe Ruth akiwa kinara, na mdaka huyu wa akiba akawemo kwenye msafara. Inaeleweka kwa nini watu walishangaa. Alikwishafika Japani mwaka 1932 kufundisha wanafunzi wa vyuo, na Kijapani alikuwa amejifunza. Novemba 29, wenzake wakiwa wanacheza Omiya, yeye akaenda hospitali moja kubwa ya Tokyo na maua mkononi, eti anamtembelea binti wa balozi wa Marekani aliyejifungua. Hakumwona. Alipanda hadi paa, akatoa kamera ya sinema aliyoificha ndani ya vazi lake, akapiga picha za jiji, bandari na viwanda.

Wapo wanaosema picha hizo ndizo zilizoongoza ndege za Marekani kushambulia Tokyo mwaka 1942. Hilo limekuzwa mno. Ushahidi wake ni mwembamba, na filamu ya miaka minane nyuma ingesaidia kidogo sana. Lakini ilionyesha mtu ana moyo gani, na vita vilipokuja, wakubwa wa ujasusi walimchukua mwaka 1943.

Kazi kubwa ikaja Desemba 18, 1944, Zurich. Mwanafizikia Werner Heisenberg, aliyeaminika kuwa kichwa cha mpango wa nyuklia wa Ujerumani, alikuwa anatoa mhadhara. Mdaka wetu akaingia ukumbini akajifanya mwanafunzi, bastola mfukoni na kidonge cha sumu kwa ajili yake mwenyewe. Maagizo: akisikia dalili kwamba Wajerumani wanakaribia kupata bomu, ampige risasi palepale.

Hebu fikiria. Ni mtu aliyejifunza Kijerumani darasani, mgeni kabisa kwenye fizikia ya ngazi ile, na anatakiwa aamue uhai wa mtu kwa kusikiliza hesabu ubaoni. Mhadhara haukugusa bomu. Alikaa, akaandika, akatazama sura za watu. Baadaye, kwenye chakula cha usiku, alimsikia Heisenberg akizungumza kama mtu anayejua Ujerumani imeshindwa vita. Wakatembea pamoja barabarani kurudi hotelini. Bastola ikabaki mfukoni. Alikuwa sahihi: Wajerumani walikuwa mbali na bomu.

Vita vilipokwisha alipewa nishani kubwa ya raia. Akaikataa, na hakueleza vizuri sababu. Wala hakurudi kwenye sheria. Takriban miaka 25 iliyobaki hakuwa na kazi ya kudumu. Aliishi kwa kaka yake Newark, magazeti yamejaa hadi kwenye viti, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa kabla hajayasoma. Baada ya miaka 17 kaka akachoka, akamfukuza kwa barua rasmi. Dada yake akampokea. Kila alipoulizwa anafanya nini siku hizi, aliweka kidole mdomoni, kana kwamba bado yuko kazini.

Viwanjani aliendelea kwenda mpaka mwisho. Alifariki Mei 29, 1972, na inasimuliwa kwamba alimuuliza nesi timu ya Mets imefanyaje siku hiyo. Ilikuwa imeshinda. Dada yake akaenda kuipokea ile nishani, akaipeleka Cooperstown, kwenye jumba la makumbusho la besiboli.