Sura ya Herufi na Safari ya Mtu

Kibao cha njia hakina ulimi, lakini kazi yake ni kusema. Husema na mtu asiye na nafasi ya kuuliza swali la pili. Kwa hiyo ubora wake haupimwi kwa jinsi kinavyompendeza aliyekichora, bali kwa wepesi wa kufahamika kwa yule apitaye. Jambo hili ni kweli mahali popote. Lakini katika nchi ya Turkana, ambako jua ni kali na mji u mbali na mji, kosa dogo la kusoma laweza kumgharimu msafiri maji, mafuta na siku nzima.

Waturkana waliijua thamani ya alama iliyo bayana tangu zamani, kabla ya kibao cha kwanza kusimamishwa Lodwar. Mifugo yao hutiwa chapa ya ukoo kwa chuma cha moto, na neno lao emachar hutaja ukoo na chapa yake pia. Chapa ya namna hiyo yapasa kutambulikana juu ya ngozi ya mnyama atembeaye katikati ya vumbi. Mchungaji haitaki kwa nakshi. Huitaka impambanulie mali yake na mali ya jirani. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kila alama: itofautiane na nyingine.

Uingereza, ambayo desturi zake za barabara zililetwa Kenya wakati wa ukoloni, ilichelewa kuitii sheria hiyo katika barabara zake. Mwaka 1916 reli za chini ya ardhi za London zilianza kutumia herufi za Edward Johnston, herufi nyofu zisizo na vikucha miguuni. Barabarani, hata hivyo, vibao viliendelea kuwa vya namna nyingi zisizopatana. Motokaa zilipozidi mwendo, serikali ilimwita Jock Kinneir, naye akishirikiana na Margaret Calvert akabuni herufi mpya. Zilionekana kwanza katika barabara ya Preston, iliyofunguliwa Desemba 1958. Wawili hao waliacha mtindo wa kuandika majina ya miji kwa herufi kubwa tupu. Tena kila herufi waliipa nafasi yake iliyopimwa, isisongwe na jirani yake.

David Kindersley, mchonga herufi hodari, hakukubali. Alisema kwamba herufi kubwa zenye vikucha, zikipangwa vema, husomeka kupita hizo. Shauri likapelekwa uwanjani. Katika uwanja wa ndege wa Benson watazamaji waliketi, na gari lililobeba vibao likawaendea, ikapimwa ni umbali gani kila kibao kilipoanza kusomeka. Tofauti ilikuwa ndogo, na herufi za Kindersley zilitangulia kidogo. Hata hivyo serikali ilizichagua za Kinneir na Calvert, nazo zikaanza kutumika katika barabara zote mwaka 1965. Yatupasa kuikumbuka habari hii, kwa maana yatufundisha kwamba sifa ya mtindo ni jambo moja na kipimo ni jambo jingine.

Tuyatazame sasa majina ya Turkana. Lokichar iko kusini ya Lodwar. Lokichoggio iko kaskazini magharibi, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Na Lokitaung, alikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake, iko kaskazini. Majina yote matatu yaanza kwa sauti zile zile, na tofauti yake yapatikana mwishoni. Yakiandikwa kwa herufi kubwa tupu, nene na zilizobanana, yafanana kama matofali ya ukuta mmoja. Yakiandikwa kwa herufi ndogo baada ya ile ya kwanza, mikia miwili ya g yashuka katika Lokichoggio, mmoja katika Lokitaung, na Lokichar haina hata mmoja. Benson haikupima majina haya. Kila nchi haina budi kuvipima vibao vyake kwa majina yake.

Huko Kakuma jambo hili lilipata uzito mwingine. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, vijana wengi walipowasili kutoka vita vya Sudan. Wakafuata watu wa Somalia, Ethiopia, Kongo na Burundi, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa jirani. Watu hao hawakuja na lugha tu, walikuja na maandishi yao. Msomali huandika kwa herufi za Kilatini, zilizofanywa rasmi kwao mwaka 1972. Msomaji wa Kiarabu hutegemea nukta: nukta moja ikifutika, herufi yageuka nyingine. Msomaji wa Kiamhari hutambua irabu kwa vijistari vidogo vilivyoshikamana na mwili wa herufi. Brashi nene ikivimeza, silabi yabadilika. Mdinka naye ana herufi kama ŋ, ɛ na ɔ, zilizotokana na mkutano wa lugha wa Rejaf wa mwaka 1928. Mpiga chapa akichagua mtindo wa herufi usiokuwa nazo, ataweka n, e na o mahali pake, na neno litakuwa jingine au halitakuwa neno kabisa.

Basi mfikirie mama aliyefika usiku na mtoto mwenye homa, akitafuta zahanati. Kibao kipo, kimechorwa kwa gharama, lakini lugha yake imeandikwa kwa herufi zilizokatwa viungo. Kwake yeye kibao hicho na ubao mtupu ni sawasawa.

Kuchagua herufi, basi, si kazi ya mapambo. Ni kuamua ni nani atakayesoma na ni nani atakayepotea. Achoraye kibao na asimame kwanza mbali nacho, juani na vumbini, mahali atakaposimama mgeni. Na akiwa hajui lugha anayoiandika, amwite mwenye lugha hiyo akisome kabla rangi haijakauka.