Mtula wa Milimani na Historia ya Majina Yake

Katika jamii ya mimea iliyo na mnavu, nyanya, biringani na tumbaku, mna kichaka kimoja cha miiba kiotacho katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, mahali palipoinuka zaidi ya meta 2,000. Ni mmea adimu. Historia yake yawahusu wanaisimu kama iwahusuvyo wanabotania, maana kwa muda mrefu ulikaa ndani ya jina la mmea mwingine.

Mwingine huo ni Solanum aculeastrum, jina lililotolewa na Dunal, Mfaransa, mwaka 1852. Wakikuyu huuita mũtũra, nao hupandwa kuwa ua, kwa kuwa mifugo haithubutu kupenya miiba yake. Neno lenyewe si geni. Waganda huita entula tunda la jamii hiyo hiyo ambalo wao hulila. Kiswahili kina mtulatula. Na kwa kuwa l ya lugha jirani mara nyingi huwa r katika Kikuyu, ni vigumu kukataa kwamba shina ni moja. Shina hilo la -tula, basi, limetambaa juu ya mimea mingi, yenye kuliwa na yenye sumu. (Tusiwacheke wazee: hiyo Solanum ya Kilatini nayo imefunika spishi zaidi ya 1,000.)

Mwaka 2010 Maria Vorontsova alikitenga kichaka cha milimani na aculeastrum. Tunda lake la manjano ni refu, lenye ncha kali. Akakiita Solanum phoxocarpum. Phoxos ni neno la Kigiriki ambalo Homer alilitumia katika Iliad kukieleza kichwa kilichochongoka cha Thersites. Hivyo tunda la milima yetu limebeba dhihaka ya kale mno.

Kingo za misitu ya milimani hufyekwa kwa ajili ya mashamba, na orodha za mimea ya kuhifadhiwa ni orodha za majina. Aliyekihesabu kichaka hiki kama mũtũra alihesabu mmea wa kawaida wa ua, na uhaba wake haukuweza kuonekana. Kamusi inayoridhika kusema kwamba mtulatula ni “mmea wenye miiba” huficha vivyo hivyo.

Kwa Kiswahili ningependekeza mtula-chonge, kwa umbo la tunda. Lakini kabla neno hilo halijaingizwa kamusini, yafaa wenyeji wa huko waulizwe kwanza, matunda yote mawili yakiwa mbele yao.