Chupa Ikifunikwa, Ulimi Husema

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali tamu, lakini ukiitazama kwa makini utaona ina pengo. Kizuri hakiwezi kujiuza kama hakijaonjwa, na mara nyingi hakionjwi kwa sababu jina lake halijulikani. Wiki hii napenda tuipime methali hiyo kwa historia ya kitu ambacho wengi wetu tumekiona harusini na mahotelini: mvinyo mwekundu wa mtindo wa Bordeaux. Wale wasiokunywa, kwa sababu ya dini au ya afya, wasizime redio. Ninalolizungumzia hapa si ulevi. Ni swali la nani ana haki ya kusema kwamba kitu fulani ni bora, na haki hiyo ameipata wapi.

Bordeaux ni mji wa bandari kusini-magharibi mwa Ufaransa, karibu na Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1152 Eleanor, mrithi wa jimbo la Aquitaine, aliolewa na Henry, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa mfalme wa Uingereza. Kwa ndoa hiyo Bordeaux ikawa chini ya taji la Uingereza kwa miaka mia tatu, hadi mwaka 1453. Meli zikawa zinapakia mapipa kila baada ya mavuno. Hata Waingereza waliposhindwa vitani na kuondoka, hawakuacha kununua. Mwaka 1663 Samuel Pepys, mtumishi wa serikali mjini London, aliandika katika kumbukumbu zake za kila siku kwamba amekunywa mvinyo wa Haut-Brion, na kwamba ladha yake ilikuwa nzuri na ya namna ya pekee. Basi sifa ya Bordeaux haikujengwa na mashamba peke yake. Ilijengwa pia na bandari, meli na wateja wenye fedha.

Mvinyo mwekundu wa huko kwa kawaida ni mchanganyiko. Zabibu kuu ni Cabernet Sauvignon na Merlot, na husaidiwa na Cabernet Franc, Petit Verdot na Malbec. Mchanganyiko huo ulitokana na hofu ya mkulima. Merlot huchipua mapema na kuiva mapema. Cabernet Sauvignon huchelewa. Baridi kali ikiunguza machipukizi ya Merlot, Cabernet huweza kusalimika. Mvua za mwisho wa msimu zikiiharibu Cabernet, Merlot imekwisha kuvunwa. Mkulima wetu anayepanda mahindi na mtama katika shamba moja, asijue mvua itakuwaje, ataielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Baadaye ndipo watu walipotambua kwamba kilichoanza kama kinga kina faida mdomoni. Cabernet huleta nguvu na ukakasi, Merlot huleta ulaini na unene, na Cabernet Franc huongeza harufu. Ni kama pilau: hakuna kiungo kinachopaswa kupiga kelele peke yake.

Namna ya kuuonja si siri ya mabwanyenye. Mimina kidogo tu, glasi isifike nusu, na mvinyo usiwe wa baridi ya friji wala wa joto la jua la mchana; nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi zinatosha. Kwanza tazama rangi. Mvinyo mchanga huwa na rangi nzito ya zambarau. Ukizeeka hugeuka polepole kuelekea rangi ya tofali. Kisha zungusha glasi taratibu na unuse. Katika mchanganyiko wa Bordeaux hunuka matunda meusi, na mara nyingine pilipili hoho, hasa zabibu zisipoiva vema. Mapipa ya mwaloni na umri huongeza harufu inayofanana na mbao ya mwerezi, kama ile ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Halafu onja, uuzungushe mdomoni kabla ya kumeza au kutema. Uchachu utakufanya utokwe na mate, kama ndimu. Ukakasi utakausha ulimi na ufizi, kama bibo au ndizi mbichi, au chai iliyochemshwa sana bila maziwa. Ukakasi huo ndio unaousaidia mvinyo kuishi miaka mingi, na kadiri miaka inavyopita hulainika, na mashapo hutuama chini ya chupa. Mwisho hesabu kimoyomoyo ladha inabaki kwa muda gani. Mvinyo mzuri hauondoki haraka, na hakuna sehemu yake moja inayozishinda nyingine zote.

Hayo anaweza kuyafanya mtu yeyote mwenye pua na ulimi. Lakini dunia haikuusikiliza ulimi. Ilisikiliza karatasi. Mwaka 1855 Napoleon III alifanya maonyesho makubwa mjini Paris, na wafanyabiashara wa Bordeaux walitakiwa waeleze mvinyo wao upi ni wa daraja lipi. Kazi hiyo ilipewa madalali wa mji, nao waliikamilisha kwa muda mfupi mwezi Aprili. Hawakuitisha kikao cha kuonja. Walichukua bei ambazo mvinyo wa kila shamba ulikuwa ukiuzwa kwa miaka mingi, wakazipanga katika madaraja matano. Kileleni waliyaweka mashamba manne: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion.

Tusiwaonee madalali hao. Bei za miaka mingi ni kumbukumbu ya ndimi nyingi. Kosa lilikuja baadaye, pale kumbukumbu ilipogeuzwa sheria. Orodha ile inatumika hadi leo. Katika muda wote huo mashamba yamebadili wenyewe na mipaka, na mizabibu karibu yote ya Ufaransa ilishambuliwa na mdudu wa filoksera kuanzia miaka ya 1860, ikabidi ipandikizwe juu ya mashina ya Kimarekani. Hata hivyo ni shamba moja tu lililopandishwa daraja. Hilo ni Mouton, la Philippe de Rothschild, lililotoka daraja la pili na kuingia la kwanza mwaka 1973 baada ya mwenyewe kupigania jambo hilo kwa miongo kadhaa. Wakulima wa Pomerol, ng'ambo ya mito, hawakuandikwa kabisa, kwa sababu mvinyo wao haukupitia mikononi mwa madalali wa Bordeaux. Huko Pomerol ndiko liliko shamba la Pétrus, ambalo mvinyo wake leo ni miongoni mwa ghali kabisa duniani. Halina daraja lolote.

Sasa twende Paris, tarehe 24 Mei 1976. Mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliyekuwa na duka la mvinyo mjini humo, pamoja na mwenzake Mmarekani Patricia Gallagher, waliandaa onjo katika hoteli. Waliwaalika majaji tisa Wafaransa, watu wazito katika kazi hiyo: wenye mashamba, wapishi na wenye migahawa maarufu, na mhariri wa jarida la mvinyo. Mivinyo myekundu ilikuwa kumi: minne ya Bordeaux, ikiwamo Mouton na Haut-Brion za mwaka 1970, na sita ya California. Wakati huo hakuna aliyeiogopa California. Marufuku ya pombe nchini Marekani, kuanzia 1920 hadi 1933, ilikuwa imeua viwanda vingi vya mvinyo, na waliobaki walikuwa bado wanajikongoja. Jambo moja tu lilifanyika tofauti na desturi: majaji hawakuonyeshwa lebo.

Mivinyo myeupe ilitangulia. Jaji mmoja alionja mvinyo wa California, akafurahi na kusema kwamba sasa amerejea Ufaransa. Matokeo yaliposomwa, Chateau Montelena ya California ilikuwa ya kwanza. Majaji wakaingia katika mivinyo myekundu wakiwa wamekwisha kushtuka, nao wakajitahidi kutambua upi ni wa nyumbani. Hata hivyo iliyoshika nafasi ya kwanza ni Stag's Leap ya mwaka 1973, iliyotengenezwa na Warren Winiarski, mtu aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Chicago, kutoka shamba lililopandwa mwaka 1970. Mouton ilikuwa ya pili kwa pengo dogo sana. Mmoja wa majaji alidai arudishiwe karatasi yake ya alama. Mwandishi wa habari aliyekuwapo alikuwa mmoja tu, George Taber wa gazeti la Time la Marekani; waandishi wengine waliona hakuna habari ya kuandika.

Utetezi ulikuja upesi. Ilisemwa kwamba mvinyo wa California hupendeza ukiwa mchanga, lakini Bordeaux hustawi uzeeni, basi tungoje. Dunia ikangoja miaka 30. Mwaka 2006 mivinyo ile ile myekundu ilionjwa tena, mjini London na huko Napa, California, kwa siku moja. Nafasi tano za kwanza zilikwenda California, na aliyeongoza alikuwa Ridge Monte Bello ya mwaka 1971.

Je, hii ina maana kwamba orodha ya 1855 ilikuwa ya uongo? La hasha. Mouton haikuwa ya pili kwa bahati nasibu. Onjo lile halikuthibitisha kwamba Bordeaux ni mbaya. Lilithibitisha kwamba nje ya orodha kuna wazuri ambao walikuwa hawajafunguliwa mlango. Na mlango huo haukufungwa kwa hila ya mtu mmoja. Macho yetu wenyewe ndiyo bawabu. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha matokeo ya jaribio ambamo waonjaji 54 walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wanafunzi wa fani hiyo hiyo. Kama rangi inaweza kuiongoza pua kiasi hicho, itakuwaje kwa jina kubwa na bei kubwa?

Mwenye akili aliielewa hali hiyo mapema. Philippe de Rothschild, yule yule aliyepigania daraja la Mouton, aliungana na Robert Mondavi wa California wakaanzisha mvinyo wa ubia, Opus One, ambao mavuno yake ya kwanza yalikuwa ya mwaka 1979. Nao Wamarekani, ambao hawakutaka kuazima jina la Bordeaux, walibuni mwaka 1988 jina lao la mchanganyiko huo, Meritage. Leo mtindo huo hutengenezwa pia Chile, Australia na Afrika Kusini.

Kwetu Tanzania zabibu hulimwa Dodoma, na joto la huko huwezesha kuvuna mara mbili kwa mwaka. Sisemi kwamba mvinyo wa Dodoma unashinda wa Ufaransa. Hilo si la kusemwa na mtu aliyekaa mbele ya kipaza sauti. Wala mvinyo si kitu pekee tunachokihukumu kwa karatasi. Tunafanya hivyo kwa kitambaa, kwa sabuni, kwa viatu, na hata kwa vijana wanaoomba kazi, tukiuliza kwanza kimetoka wapi au amesoma wapi kabla ya kuuliza kinafaa au anaweza. Sifa ya zamani ni ushahidi, na ushahidi usidharauliwe. Lakini shahidi naye huhojiwa. Kumhoji hakuhitaji hoteli ya Paris. Zinahitajika chupa mbili, ya ndani na ya nje, marafiki wachache wakweli, na kitu cha kufichia lebo. Gazeti likishasomwa linatosha kabisa kwa kazi hiyo.