Bia ya Chimay na monasteri ya Mokoto

Wakaaji wengi wa Masisi wanajua monasteri ya Mokoto, ambayo watawa wake walikimbia vita mwaka 1996. Wachache wanajua undugu wake na chupa ya bia. Watrapisti walioianzisha mwaka 1954 walitoka Scourmont, Ubelgiji, na ni huko Scourmont bia ya Chimay ilianza kupikwa mwaka 1862.

Chimay ya buluu ilikuwa kwanza bia ya Noeli. Ina pombe asilimia 9, na mwaka wake unaandikwa kwenye chupa, maana kuna watu wanaoiweka nyumbani miaka mitano na zaidi kabla ya kuifungua. Siri ni chachu: inabaki hai ndani ya chupa na kuendelea na kazi yake. Chupa inasimamishwa wima, pahali pa baridi, ili machicha yatulie chini, tena gizani, kwa sababu mwangaza unaharibu harufu. Polepole uchungu unapungua, na ladha ya matunda makavu inatokea.

Kasiksi yetu haina uvumilivu huo. Maji ya ndizi yakichanganywa na unga wa mtama yanachachuka siku moja au mbili, na siku chache baadaye ni siki. Kwa hiyo ikiiva, majirani wanaitwa siku ileile.