Mfupa wa Ishango

Mfupa wa Ishango, kifaa cha kale kinachojulikana kuliko vyote vilivyochimbuliwa Kivu Kaskazini, una urefu wa sentimita 10 hivi na umehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Sayansi Asilia mjini Brussels. Ishango ni pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mwaka 1950, enzi za ukoloni, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo, na alivyovipata vikapelekwa kwao.

Kwenye ncha moja ya mfupa huo wa kahawia kimepachikwa kipande cha jiwe gumu la kwatzi, na ubavuni mna mikato iliyochongwa kwa mafungu katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19; ya pili 11, 21, 19 na 9. Kila moja inafika jumla ya 60. Ya tatu ina mafungu 8, jumla 48. De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu, Mmarekani Alexander Marshack akaona kalenda ya kufuata mwezi, na wengine wanasema mikato ilizuia mkono usiteleze. Ubishi haujaisha; wanaouita kikokotoo cha kwanza duniani wanasema zaidi ya ushahidi.

Yenye ushahidi wa kutosha ni maisha ya waliouchonga. Vyusa vya mifupa vyenye meno, mawe ya kusagia na mifupa mingi ya samaki vinaonyesha jamii ya wavuvi. De Heinzelin alidhani waliishi kama miaka 8,000 au 9,000 iliyopita. Vipimo vya baadaye vilirudisha nyuma tarehe hiyo hadi miaka 20,000 hivi. Huko Katanda, kwenye Semliki hiyohiyo, vimepatikana vyusa vinavyokadiriwa kuwa na miaka 90,000 hivi, pamoja na mifupa ya kambare. Ugunduzi huo, kwa uzito, unaupita hata mfupa wa Ishango wenyewe.

De Heinzelin aliandika pia kwamba makazi ya Ishango yalifunikwa na majivu ya volkano. Wakazi wa Katoyi, mtaa wa komuni ya Karisimbi mjini Goma, hawahitaji kufafanuliwa maana yake: Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na 2021. Lakini mwanafunzi wa Katoyi anayetaka kuuona mfupa wa mkoa wake anahitaji viza.

Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji iliipa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, vitu 114 kutoka makumbusho ya Tervuren. Mfupa wa Ishango, ulio katika taasisi nyingine, ulibaki. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022 imefungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Haihusu mabaki ya binadamu, nayo pia yalichimbuliwa Ishango na yamo Brussels.