Tiba ya Waliodhulumiwa Utotoni: Kutoka Vienna hadi Nakivale

Tarehe 21 Aprili 1896, daktari Sigmund Freud alisimama mbele ya matabibu wenzake mjini Vienna, akawaeleza habari za wagonjwa 18 aliowatibu. Chanzo cha maradhi yao, alisema, ni kudhulumiwa kingono wakiwa watoto. Mwenyekiti wa kikao, Richard von Krafft-Ebing, aliibeza hoja hiyo kuwa ni ngano ya kisayansi.

Mwaka uliofuata Freud alimwandikia rafiki yake Wilhelm Fliess kwamba haiamini tena nadharia yake. Miongoni mwa sababu alizotaja ni kwamba ingemlazimu kuwatuhumu akina baba wengi mno. Msomaji na apime mwenyewe: hiyo ni sababu ya kitabibu, au ni haya ya jamii iliyovaa joho la daktari? Sándor Ferenczi alipoirejea hoja hiyo mwaka 1932, wenzake walimpa kisogo.

Waliovunja kimya hicho hawakuwa maprofesa, bali wanawake wa Marekani waliokutana katika miaka ya 1970 wakasimuliana yaliyowapata. Kutokana na harakati hizo alitokea Judith Herman, daktari wa akili, ambaye kitabu chake cha mwaka 1992 kiliigawa tiba katika hatua tatu: usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, hatimaye kurudi miongoni mwa watu. Usalama hutangulia kwa sababu asiye na pa kulala kwa amani hafai kusukumwa asimulie. Kiswahili humwita mtu huyo manusura, neno lenye asili moja na kitenzi nusuru. Nalipenda kuliko mwathiriwa.

Kwa jirani zetu wa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, watafiti walijaribu tiba ya masimulizi kwa Wanyarwanda na Wasomali 277, na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Hao walikuwa na majeraha ya vita, lakini njia hiyo hutumika pia kwa watu wazima waliodhulumiwa utotoni. Waliowasikiliza walikuwa wakimbizi wenzao, waliofunzwa kwa majuma machache tu, nao walipunguza kiwewe kwa kiasi kikubwa. Katika tiba hii kamba hutandazwa sakafuni, ikawa ndiyo maisha. Manusura huweka ua palipo na furaha na jiwe palipo na uchungu, kisha husimulia tangu kuzaliwa kwake, jiwe kwa jiwe, huku msikilizaji akiandika. Mwishoni husomewa yote, akakabidhiwa maandishi hayo yawe mali yake.