Kiwambo Kilalapo

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini ni wachache wakumbukao kuwa haba na haba pia hukimaliza. Ewe kijana usomaye, jambo hili laonekana wazi katika historia ya kiwambo cha kompyuta, yaani kile kioo tukitazamacho tunaposoma na kuandika.

Kompyuta zilipoenea katika ofisi za Marekani na Ulaya katika miaka ya 1980, viwambo vilikuwa masanduku mazito yenye chupa kubwa ya kioo ndani yake. Kiwambo cha rangi aghalabu kilitumia wati 60 au zaidi. Jioni makarani walikwenda zao, na viwambo vingi vikabaki vikiwaka mpaka asubuhi. Wengine waliweka picha za kutembea huku na huku juu ya kioo, wakidhani kwamba zaokoa umeme. Sivyo hata kidogo. Picha zile zilibuniwa ili kioo kisiunguzwe alama na maandishi yaliyokaa pahali pamoja kwa muda mrefu. Umeme uliendelea kuliwa vile vile.

Mwaka 1992 idara ya serikali ya Marekani inayolinda mazingira ilianzisha alama iitwayo Energy Star, na vyombo vya kwanza kupewa alama hiyo vilikuwa kompyuta na viwambo. Ili kiistahili, kiwambo kilipaswa kujilaza chenyewe kisipotumiwa, na kikiisha kulala kisitumie zaidi ya wati 30. Hapana kiwanda kilicholazimishwa. Lakini mwaka 1993 Rais Bill Clinton aliziamuru ofisi za serikali zinunue kompyuta zenye alama ile. Na kwa kuwa serikali ni mnunuzi mkubwa, wenye viwanda waliona faida ya kufuata.

Hata hivyo, kulala si kufa. Kiwambo kilicholala hungoja ishara ya kompyuta ya kukiamsha, na kungoja huko kwataka umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Alan Meier, mtaalamu wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California, alishauri kwamba chombo kinachongoja kisitumie zaidi ya wati 1. Mwaka 2001 Rais George W. Bush alizitaka ofisi za serikali ya Marekani zinunue vyombo vya namna hiyo. Kisha Umoja wa Ulaya ukaweka sheria: kuanzia mwaka 2010 kikomo kikawa wati 1 kwa vyombo vingi vya nyumbani na ofisini, na mwaka 2013 kikawa nusu wati. Tazama basi: kutoka wati 30 hadi nusu wati, yaani sehemu moja katika sitini, kwa muda wa miaka ishirini na mmoja tu!

Yapasa tujiulize ni nini kilicholeta mabadiliko haya. Si mahubiri peke yake, maana watu walionywa na bado wakasahau. Ni kwamba chombo chenyewe kilifundishwa kulala, na mnunuzi na sheria vikamhimiza mwenye kiwanda.

Lakini sheria haiwezi kukilaza kiwambo ambacho mwenyewe amekiamuru kisilale. Chukua chumba cha shule chenye viwambo 40, kila kimoja kikitumia wati 20 kinapowaka na nusu wati kinapolala. Vyote 40 vikilala, hutumia wati 20, sawasawa na kimoja kinachowaka. Vikiachwa vikiwaka saa 14 za usiku, huliwa yuniti 11.2, vikilala, yuniti 0.28 tu. Tofauti hiyo hulipwa kila mwezi kutoka katika fedha ambazo zingenunua vitabu.

Kwa hiyo, kabla hujatoka katika chumba cha kompyuta, hakikisha kwamba kiwambo chako kimeamriwa kulala baada ya dakika chache. Na kama hakitatumiwa mpaka kesho, kizime kabisa katika swichi ya ukutani.